Nilikataa notifikesheni ya tochi, nikaenda mahakamani: yaliyonikuta tangu barabarani hadi hukumu

Toyo Nyeusi

Wakuu, salaam. Naleta uzi huu kwa sababu kila wiki kijiweni kwetu kuna kijana anarudi na karatasi ya notifikesheni (taarifa ya kosa la barabarani na faini yake) mkononi anasema, "Sijafanya, ila nimelipa yaishe." Mimi mwenyewe nililipa mara mbili. Mara ya tatu nilikataa. Kesi ilikwenda miezi mitatu na nusu, nimehudhuria mara tano, nikaachiwa huru. Askari siwataji, mahakama siitaji, mkoa nauacha, ila ni hapa Tanzania. Nataka tu mwenzangu anayeandikiwa kosa ambalo hakulifanya ajue njia ilivyo, kwa sababu mimi sikuwa na wa kuniambia.

Pikipiki yangu ni ya mkataba (namlipa tajiri mwenye chombo hesabu ya kila siku mpaka iwe yangu), wakati ule nilikuwa nimebakiza miezi minne niimalize. Ilikuwa saa nne asubuhi, nimempakia dada mmoja na ndoo ya dagaa anapeleka sokoni. Tumeshaingia eneo la kibao cha 50. Nilikuwa natembea taratibu kwa sababu ile ndoo ilikuwa inacheza na dada ananiambia kila mara, "Kaka, itamwagika." Gari moja aina ya Noah ikatupita kulia kwa kasi mpaka nikasogea pembeni. Baada ya kona, kama mita mia tano mbele, askari akanipungia mkono niegeshe. Noah ilikuwa imeshapita.

"Umepigwa tochi, 71." Nikamwomba anionyeshe. Akafungua simu, picha aliyotumiwa WhatsApp na mwenzake aliyekaa na tochi, yaani kamera ya kupima mwendo, kule nyuma tulikotoka. Naomba mnisome vizuri hapa, maana kesi nzima ilikaa juu ya picha hii. Imepigwa kwa mbele. Mimi niko kushoto, Noah iko kulia kwangu, tumelingana kabisa. Namba ya pikipiki haionekani. Ile alama ya msalaba ya shabaha imekaa katikati, baina ya kioo changu cha kulia na taa ya kushoto ya Noah. Chini imeandikwa 71.

Nikamwambia kwa adabu, "Afande, hii 71 ni ya Noah." Akasema malalamiko nitayapeleka mbele, akabonyeza kile kidude cha kutolea notifikesheni na karatasi ikatoka: 10,000. Nikasema silipi, kosa silikubali, naomba nipelekwe mahakamani. Akanitazama sana. Sikupaza sauti wala sikubishana tena.

Pale pale nilichukua namba ya simu ya yule dada wa dagaa, nikamwomba kama itafika mahali pa kusema alichokiona, aje. Nikaandika kwenye daftari langu la hesabu saa, mahali, rangi ya Noah, namba ya kifuani ya askari, na maneno yake kwamba picha ameletewa na mwenzake. Niliandika nikiwa bado nimekaa juu ya pikipiki. Miezi mitatu baadaye kichwa changu kilikuwa kimeshasahau nusu ya hayo, daftari halikusahau.

Nitaendelea na ya kituoni na mahakamani, nimalizie abiria kwanza.

Dada wa Segerea

Naweka kiti. Mdogo wangu ana jambo la aina hii na anataka kulipa tu.

Kijana wa Stendi Kuu

Mkuu, kwani bodaboda faini si 30,000?

Mzee wa Kofia Nyeupe

Ilikuwa 30,000. Kwenye bajeti ya mwaka 2021/22 serikali ilishusha kwa pikipiki na bajaji ikawa 10,000 kwa kosa moja. Magari yakabaki palepale.

Nilivaa zile nguo nyeupe za trafiki miaka mingi na sasa nimestaafu, kwa hiyo naongea kwa kujua. Mtoa mada alikuwa na haki kukataa. Notifikesheni inatokana na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, sheria ya mwaka 1973, kifungu ambacho wengi tunakijua kama cha 95. Maana yake ni kwamba askari anakujulisha kosa, na wewe ukilikubali unalipa na jambo linaishia hapo. Usipolikubali, mahali pake ni mahakamani. Hakuna askari mwenye mamlaka ya kukwambia "utalipa tu". Ukilipa umekiri. Wanaolipa huku wanasema hawakufanya wanapaswa kuelewa hilo.

Lakini niwaambie na upande wa pili. Nimeokota vijana wengi barabarani, wengine kwa mikono yangu hii. Kama kweli ulikuwa 71 kwenye 50, lipa, na upunguze mwendo. Usiende kumpotezea hakimu muda.

Toyo Nyeusi

Mzee, nakubaliana nawe kabisa. Zile mbili nilizolipa, moja nilikuwa na kosa kweli, nilipakia mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) usiku. Ile sina neno nayo.

Naendelea. Tulikwenda kituoni, pikipiki ikabaki pale. Nikaandikwa maelezo. Hapa naomba mtu asifanye haraka: maelezo yale unasomewa ndipo unasaini. Ya kwangu yalikuwa yameandikwa kwamba "nilikuwa kwenye mwendo wa kasi kidogo". Mimi sikusema hivyo. Nikaomba yasahihishwe, yakasahihishwa, ndipo nikasaini. Kama ningeweka sahihi bila kusoma, yale maneno mawili ndiyo yangesomwa mahakamani.

Dhamana nilipata jioni ile ile, ndugu yangu alikuja na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Dhamana ya polisi ni bure, hatukutoa hata mia. Pikipiki ilikaa siku mbili, na hizo siku mbili tajiri alinipigia simu asubuhi na jioni.

Siku ya kwanza mahakamani nilisomewa shtaka. Hakimu akauliza, "Ni kweli au si kweli?" Karani mmoja mlangoni alikuwa ameniambia nikikubali nitapigwa faini ndogo nitoke mapema nikatafute riziki. Alinitakia mema, najua. Nikajibu, "Si kweli." Nikapangiwa tarehe.

Wakili wa Bara

Hapo kwenye "si kweli" pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukikiri kosa mbele ya hakimu na ukatiwa hatiani kwa kukiri kwako, kwa kawaida huwezi tena kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Kinachobaki ni kulalamikia adhabu tu. Na hakimu hafungwi na ile 10,000 ya notifikesheni, adhabu anaitoa kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo anayekwenda kukiri "apate faini ndogo" anaweza kutoka na kubwa zaidi.

Ukikana, mzigo wote ni wa upande wa mashtaka. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inasema ni marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa anayo hatia. Kesi ya trafiki ni jinai kama jinai nyingine, nayo inathibitishwa pasipo kuacha shaka. Hutakiwi kuthibitisha kwamba ulikuwa 45. Wao ndio wathibitishe kwamba ulikuwa 71.

Na jambo lingine la faraja: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Mtu asiogope kusimama mwenyewe kwa sababu ya lugha.

Mkuu, picha uliipinga isipokelewe?

Toyo Nyeusi

Wakili, hapo ndipo nilipokesha. Msaidizi wa kisheria mmoja wa mtaani kwetu alinisaidia kujiandaa (mahakamani hawaruhusiwi kutuwakilisha, lakini kukuelekeza wanakuelekeza, na hakunidai chochote). Aliniambia ninaweza kuipinga kwa sababu aliyeileta siye aliyeipiga. Nikaitazama ile picha usiku kucha. Nikajiuliza, nikiitoa picha, Noah nitaionyesha wapi? Yule askari aliyenisimamisha hataitaja. Nikaamua kuiacha ipokelewe.

Wakili wa Bara

Ulifanya uamuzi wa mtu mzima. Kwa kawaida ningekushauri uipinge. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inataka mahakama ipime uaminifu wa namna ushahidi wa kielektroniki ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyotumwa. Picha iliyotoka kwenye kamera ikapita WhatsApp mpaka simu ya mtu mwingine ina maswali mengi ya kujibu. Lakini kielelezo kinachokubeba wewe usikitupe. Wengi hupinga kila kitu kwa sababu wamesikia wanasheria wanapinga.

Toyo Nyeusi

Sasa siku ya shahidi. Alikuja askari aliyenisimamisha. Akaeleza vizuri, hakunisingizia, alisema alichopewa. Kisha hakimu akaniambia niulize maswali ya dodoso. Nilikuwa nimeyaandika kwenye lile daftari, maswali saba, nikauliza matano. Nayaandika kama ninavyoyakumbuka:

— Shahidi, wewe ndiye uliyeshika tochi?
— Hapana, ni mwenzangu.
— Pale uliposimama, ulikuwa unaniona wakati napimwa?
— Hapana, kuna kona.
— Ulijuaje kuwa ni mimi?
— Picha. Pikipiki nyekundu, abiria mwanamke, ndoo.
— Kwenye hiyo picha kuna chombo kingine?
— Kipo. Gari.
— Alama ya shabaha iko juu ya pikipiki au juu ya gari?

Hapo aliitazama ile picha muda mrefu. Hakimu naye akaiomba aione. Shahidi akasema, "Iko katikati, mheshimiwa."

Nikakaa. Yale mawili yaliyobaki nilitaka kumuuliza kwa nini hakuisimamisha Noah, na kama amewahi kukosea. Msaidizi wa kisheria alikuwa ameniambia: ukishapata jibu unalolitaka, kaa chini, usimpe shahidi nafasi ya kulifafanua. Miguu ilikuwa inatetemeka lakini nilikaa.

Aliyeshika tochi hakuja. Tarehe iliahirishwa mara mbili kwa ajili yake, mara ya kwanza tukaambiwa yuko kazini mkoa mwingine, mara ya pili hapakutolewa sababu. Mwisho upande wa mashtaka ukafunga ushahidi. Hakimu akaona nina kesi ya kujibu, hapo moyo uliniruka, nikajua nimekwisha. Kumbe maana yake ni kwamba nijitetee tu.

Nikajitetea mwenyewe kwa kiapo, kifupi. Kisha akaja yule dada wa dagaa. Wakuu, huyu dada sina cha kumlipa. Aliacha biashara yake, akapanda kizimbani na kanga yake, akaulizwa na mwendesha mashtaka alijuaje mwendo wakati hakuwa anatazama kipimo. Akajibu, "Mimi sijui namba. Najua ndoo haikumwagika, na ilikuwa imejaa mpaka ukingoni." Mahakama ilikaa kimya kabisa.

Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye. Hakimu alisema haikuthibitishwa kasi ile ilikuwa ya chombo kipi, na mtu pekee ambaye angeweza kusema hakuletwa. Nikaachiwa huru.

Mzee wa Kofia Nyeupe

Ulivyomhoji bila kumdhalilisha ndivyo inavyotakiwa. Askari yule alisema kweli na kweli yake ndiyo iliyokutoa. Vijana wengi wakifika pale wanaanza kumwita askari mwongo, hakimu anafunga masikio.

Niongeze tahadhari. Kabla hujasema "nipelekeni mahakamani", hakikisha nyumba yako ni safi: leseni yenye daraja la pikipiki na haijaisha, bima hai, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) kama unabeba abiria, kofia mbili. Ukifika kituoni chombo kitakaguliwa. Utakwenda kupinga kosa moja, uandikiwe matatu ambayo huna la kusema.

Wakili wa Bara

Kutomleta shahidi muhimu si jambo dogo. Mahakama ya Rufani ilishaeleza katika Aziz Abdallah dhidi ya Jamhuri, iliyoripotiwa mwaka 1991, kwamba upande wa mashtaka ukiacha kumwita shahidi muhimu aliyekuwa anapatikana bila kutoa sababu ya kuridhisha, mahakama inaweza kuona kwamba ushahidi wake usingewasaidia. Andikeni hilo.

Kijana wa Stendi Kuu

Mkuu Toyo, hongera, ila naomba tuongee hesabu. Faini 10,000. Wewe umehudhuria mara tano. Umepoteza kiasi gani?

Toyo Nyeusi

Swali la haki. Hesabu ya tajiri ni 8,000 kwa siku, na siku ya mahakama sikuwahi kuifikisha. Tano hizo ni 40,000. Pikipiki siku mbili kituoni, 16,000. Nauli ya dada siku aliyokuja, na chakula chake. Kwa pesa nimepata hasara, tena kubwa, sitamdanganya mtu.

Lakini nilikuwa nimeshalipa mara moja kwa kosa ambalo si langu, na ilinikaa rohoni mwaka mzima. Unaendesha unaogopa kila nguo nyeupe hata kama hujakosa. Tangu nitoke pale nasimamishwa, natoa leseni, nasalimia, naondoka. Anayeona 10,000 ni nafuu alipe, simlaumu hata kidogo, ana watoto wa kulisha jioni hiyo. Ninachoomba ni kwamba achague akijua, asiwe amelipa kwa sababu hakujua kama mlango mwingine upo.

Mtoto wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Nimesoma yote. Huku kwetu Kenya mambo yanafanana ingawa sheria ni nyingine. Katiba yetu ibara ya 49(2) inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Na ibara ya 50 inakupa haki ya kujulishwa mapema ushahidi watakaoutumia dhidi yako na kuufikia. Wanabodaboda wengi hukubali kosa asubuhi ile ile kwa sababu wanaogopa kulala ndani. Ndugu zangu wa huku, ombeni huo ushahidi kabla ya kesi. Mimi niliuomba, nikaukuta ni karatasi moja iliyoandikwa namba ya pikipiki ya mtu mwingine. Kesi iliondolewa kabla haijasikizwa.

Dada wa Segerea

Swali kwa mtoa mada. Ile notifikesheni iliyokuwa imeshatoka kwenye kidude, deni lake lilikwendaje? Mdogo wangu anasema lake linaongezeka.

Toyo Nyeusi

Dada, umenikumbusha jambo ambalo nilitaka kulisahau. Deni liliendelea kusoma kwenye mfumo muda wote wa kesi. Zikipita siku saba bila malipo linaongezwa asilimia 25, kwa hiyo langu likawa 12,500. Baada ya hukumu nilidhani litajifuta lenyewe. Mwezi mmoja baadaye nasimamishwa, askari anaingiza namba, ananiambia nadaiwa. Nikamweleza, akasema yeye anaona deni tu.

Ikabidi nirudi mahakamani kuomba nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri, nikaipeleka ofisi ya trafiki na barua yangu. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu deni likafutwa nikiwa nimesimama pale pale, nikaomba anigeuzie skrini nione kwa macho yangu. Nakala ya ile hukumu iko chini ya kiti cha pikipiki, nimeifunga kwenye nailoni, mpaka leo. Mwambie mdogo wako siku akiachiwa asitoke pale mahakamani kabla hajaandika maombi ya nakala.

Dada wa Segerea

Ahsante sana. Yeye kesi yake ni Alhamisi. Anashtakiwa kupita taa nyekundu. Anasema taa ilikuwa imekufa na askari mwenyewe ndiye aliyekuwa anaongoza magari kwa mkono, akamruhusu, mwingine wa upande wa pili akamkamata. Hana picha.

Mzee wa Kofia Nyeupe

Kama askari alikuwa anaongoza kwa mkono, ishara ya askari ndiyo inayofuatwa, iko juu ya taa. Hilo ni somo la kwanza kabisa la udereva. Aulize shahidi swali moja tu la msingi: saa ile, pale makutano, nani alikuwa anaongoza magari? Kama yupo aliyekuwa anaongoza, atajwe.

Wakili wa Bara

Na atafute mtu aliyekuwepo. Muuza maji, muuza karanga, fundi viatu wa pale makutano. Hao huwa wanakaa mahali pamoja siku nzima na wanajua taa imekufa tangu lini. Aende leo, asingoje Jumatano. Kama uwezo wa wakili hana, ofisi za msaada wa kisheria zipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017, na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) wanapokea watu. Dada, mwambie pia asikose hata tarehe moja. Akikosa bila taarifa, dhamana inaweza kufutwa na hakimu akatoa hati ya kumkamata, hapo kesi ndogo inakuwa kubwa.

Toyo Nyeusi

Na afike saa mbili asubuhi hata kama ameambiwa saa tatu. Avae shati lenye kola. Kofia aiache nje na simu aizime. Akiitwa jina aitike kwa sauti ya kusikika, mimi mara ya kwanza niliitika kwa sauti ya chini karani akaandika sipo, ilibidi nikimbilie mbele.

Dada wa Segerea

Nimemsomea yote. Amekwenda makutano jana jioni, amempata kijana anayeuza maji, amekubali kuja. Anasema taa zile zilikufa tangu mvua ya Jumapili.

Dada wa Segerea

Wakuu, ni Alhamisi. Tumerudi sasa hivi. Amejibu si kweli. Shahidi wao hakuja, imeahirishwa, tarehe nyingine ni wiki mbili mbele. Kijana wa maji alikuja tangu saa moja na nusu na akakaa nasi mpaka mwisho. Nitarudi kuwaambia.